Makaburi ya Waingereza mjini Málaga: waliolala humo ni akina nani?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayesoma chuo kikuu mjini Málaga, kusini mwa Hispania: "Basi langu hupita kila siku Avenida de Pries, mbele ya lango lenye simba wawili wa mawe. Mama mwenye nyumba niliyopanga ameniambia ni makaburi ya Waingereza, halafu papo hapo akasema mshairi wao mkubwa, Mhispania wa kuzaliwa, kazikwa humo. Sasa ni ya Waingereza au ya nani? Na watu mashuhuri waliomo ni akina nani? Nataka kuingia, ila sitaki kuzunguka nisijue ninachokitazama."

Dada, mama mwenye nyumba wako hajakosea. Makaburi yale yaliitwa ya Waingereza kwa sababu konseli wa Uingereza, yaani mwakilishi wa serikali yake mjini humo, ndiye aliyeyapigania, na miaka ya mwanzo wengi waliozikwa humo walikuwa raia wa nchi yake. Lakini hayajawahi kuwa ya taifa moja. Yalikuwa ya kila aliyefia Málaga akawa hana pengine pa kulazwa. Ukishalijua hilo, majina utakayoyasoma kwenye mawe yatakuwa na maana kubwa kuliko orodha ya wageni waliokufa mbali na kwao, na utaelewa kwa nini hata mshairi ambaye angeweza kuzikwa popote Hispania alitaka alazwe pale.

Kwa hiyo kabla ya majina, nikuonyeshe kwanza ufukwe.

Hispania ya wakati ule, makaburi yalikuwa mali ya Kanisa Katoliki. Ardhi yake ilibarikiwa, na aliyekufa nje ya imani hiyo hakuingia. Mwaka 1787 Mfalme Carlos III aliamuru watu waache kuzikwa ndani ya makanisa na makaburi yahamishiwe nje ya miji kwa ajili ya afya. Amri hiyo ilibadilisha mahali pa kuzikia. Haikugusa nani anaruhusiwa kuzikwa. Mhispania aliyekufa bila ubatizo au aliyejiua alitupiwa kipembe cha pembeni, kilichozungushiwa ukuta wake. Mprotestanti kutoka nje hakuwa hata na hicho kipembe. Kulikuwa na mkataba wa mwaka 1667 baina ya Uingereza na Hispania, ulioahidi kwamba Mwingereza atakayefia Hispania atapewa mahali pa heshima pa kuzikwa. Miaka zaidi ya mia moja na sitini ikapita, na Málaga mahali hapo hapakuonekana.

Na Málaga haikuwa kijiji. Ilikuwa bandari ya divai na zabibu kavu, merikebu za kaskazini zinaingia na kutoka, wafanyabiashara wamejenga na kuoa. Watu walikuwa wakifa. Walichofanyiwa ni hiki: maiti ilichukuliwa usiku kwa mwanga wa mienge hadi ufukweni, shimo likachimbwa mchangani, naye akashushwa wima, kwa kusimama. Kisha ni juu ya mawimbi na mbwa. Sisi wa pwani, tuliolelewa tukijua kwamba maiti huoshwa, hulazwa ubavu wa kulia na kuelekezwa kibla, na kwamba hata mgeni asiye na jamaa hutafutiwa sanda na majirani, habari hii tunaisikia kwa mwili mzima. Mimi nimeisoma mara nyingi sana na bado sijaizoea.

Wa kwanza wa kutafuta kaburi lake ni William Mark, maana bila yeye pasingekuwa na makaburi. Ujanani alikuwa karani wa mahesabu katika manowari za Uingereza, enzi za Admirali Nelson. Mwaka 1824 akashika ukonseli wa Málaga. Mazishi ya mchangani yalimkera, akaanza kuwabishia hodi wakubwa wa mji, mmoja baada ya mwingine, mwaka hadi mwaka. Kiwanja kilitolewa mwaka 1830: mteremko nje ya mji upande wa mashariki, kando ya njia ya kwenda Vélez, unaotazama bahari. Ndiyo yakawa makaburi ya kwanza ya Waprotestanti katika Hispania bara. Januari 1831 akazikwa wa kwanza, George Stephens, mtu wa merikebu aliyezama bandarini. Mark mwenyewe aliingia kulala humo mwaka 1849, na wakati huo mwanawe alikuwa ameshamrithi ukonseli.

Baada ya Mark, mtafute Robert Boyd. Hapa naomba univumilie, kwa kuwa huyu simpiti haraka.

Boyd alizaliwa mwaka 1805 Londonderry, kaskazini mwa Ireland. Alitumikia jeshi la Waingereza huko India, akarudi, akajikuta London na urithi mkononi na umri wa miaka ishirini na kitu. London ya siku hizo ilijaa wakimbizi wa Kihispania. Mfalme wao, Fernando VII, alikuwa ameifuta katiba mwaka 1823 kwa msaada wa jeshi la Ufaransa, na waliokuwa wakiitetea walinyongwa, walifungwa au walikimbia. Miongoni mwa waliokimbia alikuwa Jenerali José María de Torrijos. Vijana wasomi wa Cambridge walimpenda mno. Hata Alfred Tennyson, ambaye baadaye angekuwa mshairi mkuu wa taifa la Uingereza, mwaka 1830 alisafiri hadi milima ya Pyrenees kuwapelekea fedha na barua wapinzani wa mfalme. Wenzake wengi waliishia hapo, kwenye kupeleka barua. Boyd alitoa urithi wake wa kununulia silaha na meli, halafu akaenda mwenyewe.

Torrijos na watu wake wakakaa Gibraltar wakisubiri ishara kwamba Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania, iko tayari kuinuka. Ishara ikaja kwa barua, zimetiwa jina la bandia, Viriato. Njooni Málaga, jeshi litawapokea. Mwandishi wa barua hizo alikuwa Vicente González Moreno, gavana wa Málaga, akimvuta Torrijos kwenye mtego kama mvuvi anavyovuta mshipi polepole. Tarehe 2 Desemba 1831 mashua zao zilifukuzwa na chombo cha serikali mpaka zikapanda ufukweni upande wa Mijas. Wakakimbilia milimani, wakazingirwa katika nyumba ya shamba karibu na Alhaurín de la Torre, wakajisalimisha tarehe 5. Tarehe 11, Jumapili asubuhi, watu 49 walipigwa risasi kwenye ufukwe wa San Andrés bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Boyd alikuwa mmoja wao, na alikuwa na miaka 26. Konseli Mark alijitahidi kumwokoa, ikashindikana. Alichoweza ni kuudai mwili na kuupeleka kwenye kile kiwanja chake kipya.

Hebu tazama tarehe hizo. Boyd angepigwa risasi mwaka mmoja na nusu tu kabla, angezikwa usiku katika mchanga wa bahari ile ile aliyoifia kando yake. Kaburi lake ni kipimo cha jinsi Mark alivyowahi kwa nafasi finyu. Torrijos na wengine wako katikati ya mji, chini ya mnara wa jiwe wenye ncha katika Plaza de la Merced, uliojengwa mwaka 1842. Boyd yuko peke yake kwenye mteremko. Walisimama mstari mmoja wakafa dakika moja, kisha dini ikawatenganisha.

Ukipata safari ya Madrid, nenda jumba la sanaa la Prado ukatazame picha kubwa ya Antonio Gisbert ya mwaka 1888, inayoonyesha mauaji hayo. Torrijos amesimama katikati, amewashika mikono wenzake; mchanga ni wa kijivu, bahari nyuma, na chini kabisa maiti za waliotangulia. Boyd yumo katika mstari ule. Ni vigumu kusimama mbele ya picha ile ukaondoka haraka.

Sehemu ya zamani ya makaburi, ile iliyozungushiwa ukuta wa ndani, ndiyo yenye makaburi ya miaka hiyo ya mwanzo. Utakuta mengi yamefunikwa makombe ya baharini, yamepangwa kwa safu juu ya chokaa, na mengi ya hayo ni mafupi: ya watoto. Nipe dakika moja juu ya makombe haya. Vitabu vya kuongoza watalii huyataja kama pambo. Mimi kila nikiyaona huwaza kwamba wazazi wale walijua vizuri kabisa watoto wao wangezikwa wapi miaka michache iliyopita. Wakachukua kitu cha ufukweni na kukipandisha mlimani, kikawe kifuniko cha mtoto aliyelala katika udongo halisi. Hilo ni wazo langu, silidai kuwa historia.

Kuna kaburi lingine dogo, si la zama hizo, la mtoto mchanga aliyezaliwa usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1958 akafariki Januari iliyofuata. Juu yake pana maneno ya Kifaransa yasemayo kwamba aliishi kadiri yanavyoishi maua ya violeti. Wageni wengi hufika kwa ajili ya mwandishi Gerald Brenan au mshairi Jorge Guillén, ambao nitakufikisha kwao mbele, wanarudi nyumbani wakimkumbuka huyu.

Karne ya kumi na tisa ilileta watu wengi humo: mabaharia, wafanyabiashara wa divai, wagonjwa wa kifua waliokuja kutafuta jua na hawakulipata kwa wakati. Mwandishi wa Denmark, Hans Christian Andersen, alipita Málaga mwaka 1862 na akayasifu makaburi haya kwa namna ambayo watu husifia bustani. Mmoja wa waliokufa miaka hiyo alikuwa tabibu wa Kiingereza, Joseph Noble, aliyefariki mwaka 1861. Familia yake ikajenga hospitali kwa kumbukumbu yake, na jengo la Hospital Noble bado limesimama karibu na uwanja wa mapigano ya ng'ombe wa La Malagueta. Bila shaka umeshapita mbele yake.

Sasa twende kwenye kaburi la pamoja la Wajerumani, kwa kuwa ndilo linalogeuza habari yote juu chini.

Tarehe 16 Desemba 1900, meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Ujerumani, Gneisenau, ilikuwa imetia nanga nje ya bandari ya Málaga. Ndani mlikuwa na zaidi ya watu 400, wengi wao vijana wanaojifunza ubaharia. Upepo ukachafuka ghafla. Nahodha akaagiza mashine ziwashwe ili waondoke kwenye miamba, nguvu ya mvuke haikutosha, nanga zikaburuzwa, meli ikapigwa kwenye ukuta wa mawe unaokinga bandari na mawimbi. Ikavunjika mbele ya macho ya mji mzima.

Watu wa Málaga walishuka. Wavuvi waliingiza mashua zao katika bahari ambayo hakuna mvuvi mwenye akili angeitia mashua yake. Wengine walisimama kwenye mawe yale wakirusha kamba, wakiwavuta vijana mmoja mmoja huku mawimbi yakiwafunika wote wawili. Walikufa mabaharia 41, nahodha wao akiwemo, ambaye hakutaka kuiacha meli. Waliookolewa walichukuliwa majumbani, wakavuliwa nguo zilizolowa, wakavishwa za watoto wa mwenye nyumba, wakalishwa. Hakuna aliyeuliza dini ya mtu.

Waliokufa walipelekwa makaburi ya Waingereza, nao wako pale hadi leo. Pima umbali: miaka sabini kabla, baharia Mprotestanti aliyefia bandari hii alisimamishwa katika shimo la mchanga gizani. Sasa mji ule ule ulikuwa umeingia baharini kumtafuta, na ulipomkosa ukafuata jeneza lake mchana kweupe. Málaga ikaongezewa katika nembo yake sifa ya kuwa mji "wenye ukarimu mkubwa". Kisha Septemba 1907 mto Guadalmedina ukafurika, ukaua watu na kubomoa madaraja. Ujerumani haikuwa imesahau. Mwaka 1909 ikalipa deni kwa daraja la chuma la waendao kwa miguu, ambalo wenyeji hadi sasa huliita Puente de los Alemanes, Daraja la Wajerumani.

Karne ya ishirini ndiyo iliyowaleta waandishi, na hapa pana watu wawili waliolala bega kwa bega: Gamel Woolsey na Gerald Brenan.

Watu wote humwuliza Brenan, nami nakuomba uanze na mkewe. Gamel Woolsey alikuwa mshairi wa Kimarekani kutoka South Carolina. Yeye na Brenan walikuwa wakiishi Churriana, siku hizo kijiji nje ya Málaga na leo ni upande wa uwanja wa ndege, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Julai 1936. Wageni wengi waliondoka kwa meli za kwanza. Hawa walibaki miezi kadhaa, nyumba yao ikiwa maficho ya majirani, pamoja na familia ya mwenye mali aliyekuwa akitafutwa auawe. Mwaka 1939 Woolsey alichapisha kitabu kuhusu miezi hiyo. Ni kitabu kifupi, hakina kelele za siasa. Kinaeleza jinsi hofu inavyoingia kijijini na jinsi watu wema wanavyoanza kuyapenda masimulizi ya ukatili ambayo hawakuyashuhudia. Alifariki Januari 1968. Juu ya jiwe lake umechongwa mstari wa Shakespeare unaomwambia marehemu asiogope tena joto la jua. Simama hapo adhuhuri ya Agosti, utajua aliyeuchagua alikuwa anajua yuko wapi.

Brenan alizaliwa Malta mwaka 1894, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mwaka 1920 akajichimbia katika kijiji cha Yegen, milima ya Alpujarra, na vitabu vyake kama elfu mbili. Elimu ya chuo hakuwa nayo, akajisomea mwenyewe. Mwaka 1943 alitoa kitabu kinachoeleza mizizi ya vita vya Hispania: ardhi, njaa, Kanisa, wanaanakia (wapinga serikali ya aina yoyote) wa Andalusia. Utawala wa Jenerali Franco, dikteta aliyeshinda vita hivyo, ulikipiga marufuku. Tafsiri ya Kihispania ilibidi ichapishwe Paris mwaka 1962 na kuingizwa nchini kwa siri. Kwa hiyo Wahispania wa kizazi fulani walisomea historia yao kwa Mwingereza huyu, wakikificha kitabu chake kama mtu anavyoficha bangi. Mimi bado nakiona ni mlango mzuri kuliko yote kwa mtu anayeanza kuisoma nchi hiyo.

Kifo chake ni kisa. Mwaka 1984, akiwa mzee wa miaka tisini, alipelekwa nyumba ya wazee Uingereza, nje kidogo ya London. Habari zilipofika Andalusia zilizua kilio. Wenyeji walisema huyu ni wetu, haiwezekani afie ugenini, na ugenini walikokusudia ni Uingereza! Serikali ya jimbo ikagharimia kumrudisha Alhaurín el Grande na kumtunza. Alifariki humo Januari 1987. Lakini alikuwa ameacha wosia kwamba mwili wake upewe kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Málaga. Wanasayansi wakaupokea, halafu kila mmoja akaona haya kumgusa mtu mashuhuri namna ile. Mwili ukakaa katika dawa miaka kumi na minne. Hatimaye mwaka 2001 ulichomwa, na majivu yakazikwa kando ya Gamel. Jiwe lake linamtaja kuwa mwandishi wa Kiingereza, rafiki wa Hispania.

Najua kuchoma mwili si jambo litakalowatulia wasomaji wetu wengi. Nalitaja kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa mkewe alimsubiri pale miaka thelathini na mitatu.

Na sasa mshairi wa mama mwenye nyumba wako. Ni Jorge Guillén, aliyezaliwa Valladolid, kaskazini, mwaka 1893. Alikuwa wa kile kizazi cha washairi kinachoitwa Kizazi cha 27, pamoja na Federico García Lorca, Pedro Salinas, Luis Cernuda na wengine. Kitabu chake cha kwanza, Cántico, kilitoka mwaka 1928, na alikiongezea mashairi kwa miaka zaidi ya ishirini badala ya kuandika kingine, kama fundi anayejenga nyumba moja maisha yake yote. Ni ushairi wa mtu anayeshukuru kuwapo: mwanga wa asubuhi, meza, kiti, pumzi. Vita vilipozuka alikuwa akifundisha Sevilla. Alitiwa ndani kwa muda huko Pamplona, na mwaka 1938 akaondoka nchini. Alifundisha Marekani, katika chuo cha Wellesley, mpaka alipostaafu.

Ili uelewe kaburi lake, wafuate rafiki zake kwanza. Lorca aliuawa Agosti 1936 karibu na Granada, na mwili wake haujapatikana mpaka leo hii. Antonio Machado, aliyekuwa mkubwa wao, alivuka mpaka kwa mateso na kufia Collioure, Ufaransa, Februari 1939. Yuko huko huko. Cernuda yuko Mexico. Salinas, rafiki wa chanda na pete wa Guillén, alifia Boston mwaka 1951 na kuzikwa San Juan, Puerto Rico, katika makaburi ya kando ya bahari. Kizazi kizima cha lugha ya Kihispania kilitapanywa ardhini kama mbegu zilizomwagika njiani.

Guillén ni miongoni mwa wachache waliojaliwa kurudi. Franco alikufa mwaka 1975, na mwaka uliofuata Guillén akapewa tuzo ya Cervantes, tuzo kuu ya fasihi ya Kihispania, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutolewa. Akahamia Málaga, mbele ya bahari, na hapo akafa Februari 1984 akiwa na miaka 91. Angeweza kurudishwa Valladolid kwa heshima zote. Angeweza kulazwa katika makaburi ya mji, ambayo tangu sheria ya mwaka 1978 hayamtengi mtu kwa imani yake. Alichagua mteremko wa waliokataliwa. Jiwe lake ni la kawaida kabisa, na ukienda bila kuelekezwa unaweza kulipita.

Wengine nitawataja kwa ufupi, si kwamba ni wadogo. Marjorie Grice-Hutchinson, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mwanauchumi wa Kiingereza aliyeishi upande wa Churriana. Kitabu chake cha mwaka 1952 kilionyesha kwamba wanateolojia wa Salamanca wa karne ya kumi na sita walikuwa wameshagundua jinsi wingi wa fedha kutoka Amerika unavyopandisha bei za vitu, kabla ya wengi waliopewa sifa hiyo baadaye. Shamba lake alilipatia Chuo Kikuu cha Málaga, kwa hiyo kama una rafiki anayesoma mambo ya mimea, huenda amefanyia mazoezi huko. Aarne Haapakoski ni mwandishi wa Kifini wa hadithi za upelelezi na michezo ya redio, aliyesikilizwa na Finland nzima kwa jina la kubuni la Outsider. Alifia Málaga mwaka 1961. Pia wapo askari wa Vita vya Pili vya Dunia ambao bahari iliwaleta pwani hii.

Ukienda, uliza kwanza saa za kufungua, hubadilika. Tangu mwaka 2006 mahali hapo panasimamiwa na taasisi ya hisani, na mwaka 2012 palitangazwa rasmi kuwa urithi wa kitamaduni unaolindwa na sheria, lakini matunzo yanategemea sana kiingilio kidogo na michango, basi usisite kuongeza chochote. Kanisa dogo la Mtakatifu George limo humo humo, na ibada za Kianglikana zinaendelea. Panda polepole kwa kuwa njia zina mawe na mizizi. Anza juu, kwenye ukuta wa ndani na makombe, umtafute Boyd, kisha ushuke kwa Wajerumani, kwa Gamel na Gerald, umalize na Guillén. Zamani ungeiona bahari kutoka kila ngazi. Sasa majengo ya ghorofa yameziba sehemu kubwa. Bado inasikika, hasa magari yakipungua.

Maua yanaruhusiwa. Ukitaka kumpelekea mmoja tu, mimi ningempelekea Boyd, ambaye ndugu zake wako mbali na wenzake wote wako katikati ya mji. Na jioni ukirudi, shuka hadi Guadalmedina uvuke kwa Daraja la Wajerumani. Pana bamba lenye maandishi ya Kihispania. Sasa unaweza kulisoma ukijua ni vijana gani linaowazungumzia.